Tulizima Kila Kitu kwa Heshima

Waliokuwepo siku ile ya kupima ni hawa. Nilikuwepo mimi, niliyeachiwa nyumba na marehemu mume wangu. Alikuwepo wifi yangu, dada wa mume wangu, baba mmoja mama mmoja, na mambo yote haya yalimhusu yeye. Alikuwepo mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu kitindamimba, anayesomea ufundi wa stima chuoni. Alikuwepo mkaza mwanangu, ambaye hupiga pasi kanzu na sare za watu. Mumewe alikuwa kazini Changamwe, kwa hivyo yeye simhesabu. Alikuwepo mpangaji wetu wa uani, mama wa Kigiriama kutoka pande za Kaloleni, Mkristo wa Jumapili zote, si damu yetu lakini amekaa nasi mpaka wanawe waniita bibi. Na alikuwepo mtoto wa wifi, mwanawe wa pekee, aliyeshuka kutoka Nairobi kuja kumchukua mamake.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya waliowakunga. Lakini mjukuu wangu ameniambia, "Bibi, ukiandika, majina ya watu usiyaweke." Basi siyaweki. Kila mmoja atajijua.

Wifi alikuwa ametoka hospitali. Kifua chake kimechoka, daktari akasema hataweza tena kwenda na hewa hii yetu ya bure peke yake, asaidiwe na mashine. Mashine yenyewe ni sanduku, kimo chake kama debe la mafuta ya kupikia, lina magurudumu. Lavuta hewa ya chumbani, laichuja, kisha lampelekea mgonjwa kwa mpira mwembamba mpaka puani. Stima ikipotea kabisa kuna silinda ya akiba ya kushikilia. Lakini stima ikiwa ipo na ni dhaifu, hapo ndipo pana taabu: sanduku lalia kama mtoto aliyefinywa, kisha lajizima.

Na stima ya nyumba yetu, wallahi, ilikuwa dhaifu. Mtoto wa wifi alikaa ukumbini na viatu vyake mkononi, kama mtu ambaye hajaamua kuingia wala kutoka, akasema:

"Mama, mimi sikulazimishi. Lakini hapa pasi ikiwashwa, taa zafumba macho. Kwangu Nairobi stima haitingishiki. Twende ukae kwangu."

"Kwako orofa ya ngapi?"

"Ya nne, mama."

"Na huko ngazini watu husalimiana?"

Akavigeuza viatu vyake mkononi. Wifi akavuta pumzi yake fupi, akasema, "Basi. Mimi kuamkia mtu nisijibiwe, nitakufa kabla ya kifua kuniua."

Tulicheka, lakini mimi niliona macho yake. Hapa Mtongwe ndipo alipozaliwa, na ndipo alipomzika mumewe. Tangu awe mjane amekaa uani kwetu. Asubuhi akiamka husikia manowari ya wanamaji ikipiga honi, naye huijibu: "Marahaba." Kumwondoa hapo ni kumwondoa kweli.

Mjukuu wangu akamwambia mwana wa wifi, "Mjomba, wewe waondoka Jumatatu. Nipe leo na kesho nipime. Ikiwa chumba cha mamako, bibi wa uani, hakiwezi kubeba mashine, mimi mwenyewe nitamfungia mizigo."

"Utapima nini na nyumba yote hii ni mafundo?"

"Hayo mafundo sina haja ya kuyafungua."

Hapo nami nikaingilia, kwa sababu mafundo yale nayajua. Hakuna waya katika nyumba ile ambao simjui aliyeuvuta. Nikamwambia mjukuu wangu akae, nikamhesabia. Wa kwanza ni wa babu yake, wa taa moja tu ya ukumbini, na siku ile ilipowaka tulimwita jirani aje aione. Wa pili ni wa shemeji yangu mkubwa, alioupeleka jikoni. Wa tatu ni wa harusi ya binti yangu wa kwanza. Ulivutwa uani kwa ajili ya taa za rangi, harusi ikaisha na waya ukabaki. Juu ya huo wa harusi mwanangu akaunga wa chumba cha uani, na juu ya huo mwanawe jirani akaunga wa mpangaji, na mkaza mwanangu naye akapata soketi yake ya pasi hapo hapo. Yaani uani mzima wanyonya kwenye taa za harusi.

Mjukuu wangu alichukua kipande cha kaa la jikoni akachora yote sakafuni pale uani. Kila nilipotaja mtu, alichora mstari. Sakafu ikajaa mpaka mlango wa choo. Mpangaji wetu alipita na ndoo akaruka mistari kama msichana anayeruka kamba.

"Haya," nikamwambia, "sasa tafuta ubovu uko wapi humo."

"Siutafuti, bibi." Akasogea mahali pasafi, akachora vitu viwili tu: kiduara kimoja, na kando yake kijimstari kilichopindapinda kama ukili unaosukwa. Kutoka hapo akatoa ncha mbili. "Hizi ncha mbili ni matundu ya soketi ya chumba cha bibi wa uani. Na hii ndiyo nyumba yenu yote, ukiitazama kutoka kwenye matundu hayo."

Nikainama nikaangalia. "Nyumba yangu ni hii?"

"Ndiyo. Kiduara ni volti sawia, nguvu inayokuja kusimama kwenye matundu kabla hujachomeka kitu. Na huu uliopinda ni ukinzani sawia. Ni ule ubishi wa nyaya zote, umejumlishwa ukawa mmoja. Ukichomeka kitu kikavuta, ubishi huu hula sehemu ya nguvu, nawe wapata iliyobaki."

"Na babu yako yuko wapi hapo?"

Mtoto akaonyesha ule mstari uliopindapinda. "Yumo humu, bibi. Ndani ya ubishi."

Wifi alikuwa ameketi mlangoni pake na leso begani. "Hapo umepatia, mjukuu wangu," akasema. "Ndugu yangu alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Hata chora mwingine, huyo mmoja hatoshi."

Tulicheka mpaka ikabidi tumnyamazishe wifi, maana kicheko chamkata pumzi.

Mimi sikusoma sana. Darasa la tatu nilitolewa, nikaozwa baadaye kidogo. Lakini jambo lile lilinikalia vizuri, nalo nililielewa kwa njia yangu. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba hii ni kama posa. Ukoo ukienda kuposa, ndani yake mna ami asiyesema na mwenziwe, mna shangazi aliyekasirishwa na pilau ya mwaka juzi, mna wa kutoa na mna wa kuzuia. Lakini wanaopelekewa posa hawayaoni hayo. Wao wamwona mshenga tu. Wajua mambo mawili: kaja na nini, na ukimwomba azidishe, apunguza vipi mkono. Ukoo mzima umekuwa mtu mmoja mlangoni.

Mjukuu wangu akanibusu kichwani. "Na ni vivyo hivyo bibi unavyompima. Kwanza wamtazama kabla hujamwomba kitu. Kisha wamwomba kitu kimoja unachokijua, uone apungukiwa kiasi gani."

Hicho kitu kimoja kilikuwa birika la stima, la mkaza mwanangu. Mtoto akatoa kipimio chake, chenye uso wa kioo na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akasimama mlangoni pa chumba cha wifi akasema kwa sauti, "Jamani, sasa naanza kupima."

Nanyi wa kwetu mnajua tulivyo. Nesi akimfunga mtu mkono kumpima presha, nyumba nzima hunyamaza, hata mtoto wa jirani huambiwa asilie. Mtu akianza kusoma, redio hupunguzwa. Ni adabu tuliyoikuta, hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Basi mtoto aliposema anaanza kupima, mkaza mwanangu alichomoa pasi na kuiegemeza wima. Mpangaji alizima jiko lake la koili, sufuria ya maharagwe ikakaa pale haijachemka. Kisha akaona haitoshi, akachomoa na friji yake ya barafu. Mimi nilizima feni. Mwana wa wifi alizima runinga ya ukumbini ingawa mpira ulikuwa unachezwa, nami nilimheshimu kwa hilo. Ikawa kimya. Tukasimama mikono imefumbatwa kama watu walio kwenye dua.

Mtoto akachomeka nyaya zake. "Mia mbili thelathini na nane." Akawasha birika kwenye soketi ile ile, akatazama tena. "Mia mbili kumi na sita." Akainama sakafuni na kaa lake. Birika lilikuwa lavuta amperi tano na nusu, na zilizopotea ni volti ishirini na mbili. Ishirini na mbili ukizigawa kwa tano na nusu wapata nne. Omu nne. Akaandika nne kando ya ule mstari uliopinda, na mia mbili thelathini na nane kando ya kiduara.

"Mashine ya bibi yavuta amperi moja na nusu tu," akasema, na uso wake ukafunguka. "Moja na nusu mara nne ni sita. Atapoteza volti sita. Atabakiwa na mia mbili thelathini na mbili, na mashine yatosheka na mia mbili na kumi kwenda juu. Bibi wa uani, hwendi popote!"

Mpangaji wetu alipiga kigelegele. Wifi alijifunika uso kwa leso. Mwanawe akaenda akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Basi mama, ukipenda hapa ni hapa." Mashine ikaingizwa chumbani, ikachomekwa, ikaanza kunguruma polepole kama paka aliyeshiba. Taa yake ya kijani ikawaka. Kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Hazikupita hata adhana mbili. Magharibi inaingia, mkaza mwanangu anamalizia kanzu za watu, mpangaji amerudisha maharagwe yake motoni, friji yanguruma, na sisi tuko kwenye msala, tukasikia mlio. Sijawahi kuusikia, lakini niliujua. Nilitoa salamu kushoto na kulia kwa haraka ambayo Mungu anisamehe, nikakimbia uani. Taa ya kijani imekuwa nyekundu. Wifi ameketi kitandani, kashika mpira puani kwa mkono mmoja na godoro kwa mkono wa pili. Mjukuu wangu alishafika, anamfungulia silinda ya akiba. Pumzi ikamrudia. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mbona mwaniangalia hivyo? Sijafa. Ila sanduku hili lina kelele kuliko mawifi zangu wote."

Mwanawe alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele, hakumlaumu mtoto. Alisema tu, "Keshokutwa twaondoka, mama." Na safari hii wifi hakumjibu kwa mzaha.

Mjukuu wangu alikaa pale pembeni mwa michoro yake, magoti kifuani. Nilimpelekea chai hakuinywa. Aliniambia, "Bibi, hesabu ni sawa. Nimeirudia. Hesabu ni sawa." Mwisho akampigia simu mwalimu wake wa chuoni, na kwa kuwa masikio yangu yamechoka aliiweka simu kwa sauti, nami nikasikia. Mwalimu alikuwa mtu mpole. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja:

"Ulipopima, ulitoa nini kwenye sakiti?"

"Nilitoa mzigo, mwalimu. Mashine haikuwa imechomekwa."

"Mzigo huo peke yake?"

"Peke yake."

"Na vingine vyote vya nyumbani vilikuwa vinafanya kazi kama kawaida?"

Mtoto akafungua mdomo ajibu, akageuka kunitazama. Mimi nikatazama upande wa feni.

"Mwalimu," akasema polepole, "nitakupigia."

Akatuita sote uani. "Nipeni ukweli. Niliposema naanza kupima, mlifanya nini?"

Mkaza mwanangu akasema, "Mimi nilizima pasi. Nikaona mtoto apime kwa raha."

"Mimi jiko," mpangaji akasema, "na friji. Samahani mwanangu. Sikutaka kukuharibia."

"Mimi runinga," akasema mwana wa wifi, na hapo akaanza kutabasamu mwenyewe.

"Feni," nikasema.

Wifi akainua mkono kitandani. "Mimi sikuwa na cha kuzima. Ningekuwa nacho ningezima."

Mjukuu wangu alicheka. Alicheka mpaka akalala chali kwenye kaa lake, gauni likaingia weusi mgongo mzima. "Nimepima nyumba ya watu waliolala!" akasema. "Hii nyumba niliyoichora haipo. Ilikuwepo dakika ile mliponiheshimu, na mliporudi kazini ikaondoka."

Alitueleza, nami nakuelezeni nilivyoshika. Kile kiduara na ule mstari ni mshenga wa nyumba kama ilivyo wakati huo. Pasi, jiko na friji vyote viko kwenye waya ule ule wa harusi. Vikiwa kazini, vyachukua chao kwanza, na kinachofika kwenye matundu ya wifi kimeshapunguzwa kabla yeye hajaomba. Kwa hivyo ukitaka kumjua mshenga wa kweli, toa kitu kimoja tu, kile unachotaka kujua hali yake. Vingine vyote viache viendelee na maisha yao.

"Kesho," akasema, "nataka mfanye mnavyofanya siku zote. Msinijali. Nifanyeni kama sipo."

Kesho yake sasa ndiyo ilikuwa kichekesho, kwa sababu ukimwambia mtu wa kwetu afanye kama kawaida, kawaida yampotea. Mtoto alipotoa kipimio, mkaza mwanangu aliwasha pasi, na kwa kuwa kanzu zilikuwa zimekwisha, akaanza kupiga pasi vitambaa vya vumbi. Mpangaji alikuwa kanisani, lakini alirudi mbio kabla ya nyimbo za mwisho, na gauni lake la kanisani, akawasha koili akateleka sufuria ya maji matupu. Mwanangu hakuwa kazini siku hiyo. Yeye aliwasha runinga, redio, na taa zote mchana kweupe. Mimi sikutaka kuonekana sijasaidia, nikauliza, "Na blenda je, niisage tupu?"

"Bibi!" mtoto akalia. "Jana mlinizimia kila kitu, leo mwataka kuniunguzia nyumba. Nimesema kama siku zote!"

Wifi akasema kutoka kitandani, "Miaka yote nimekaa na watu hawa, leo ndiyo mara ya kwanza kuona tambara la kufutia meza limenyooshwa marinda."

Ikabidi tusubiri. Mtoto aliweka kipimio chini, akasema hapimi mpaka tumsahau. Basi tukamsahau kidogo kidogo. Mpangaji akamwaga yale maji akabandika wali. Jirani akaleta sare za shule za wanawe, mkaza mwanangu akapata kazi ya kweli. Mimi nikalala kidogo chini ya feni. Nilipoamka mtoto alikuwa ameshapima, wala hakuna aliyemwona.

Matundu ya chumba cha wifi, kabla ya kuchomeka kitu, yalikuwa na volti mia mbili na moja. Na birika mia na themanini na tano. Ubishi ulikuwa omu tatu na nusu kasoro, hata umepungua kidogo kuliko jana. Mtoto alisema ndivyo inavyokuwa, maana vyombo vingine navyo vimejiunga ubavuni. Lakini kiduara ndicho kilichoanguka. Mashine ikila hapo ingebakiwa na chini ya mia mbili. Ingelia, na ingezima.

Mwana wa wifi akakuna kichwa. "Basi ni yale yale. Na kila magharibi watu watapika, watapiga pasi. Hatuwezi kuwafunga mikono."

"Ni yale yale kwa matundu haya, mjomba," mtoto akasema. "Sijamaliza."

Akatembea na kipimio na birika nyumba nzima, na sisi tukiendelea na yetu. Alichotuambia siku ile bado chanishangaza: nyumba ni ile ile, nyaya ni zile zile, lakini ukiitazama kutoka kwenye soketi nyingine, kiduara ni kingine na ubishi ni mwingine. Jikoni ilikuwa afadhali. Ukumbini afadhali zaidi. Kisha akaingia chumbani kwangu, chumba cha mbele, pale ambapo stima yaingilia kutoka nje, ukuta mmoja na mita. Akachomeka. Tukamsikia akisema peke yake, "Eeh." Akawasha birika. "Eeh!"

Mia mbili thelathini na mbili. Na birika mia mbili ishirini na nane. Na pasi yafanya kazi uani, na wali watokota, na redio yapiga taarabu.

"Ubishi hapa haufiki hata omu moja," akasema. "Mashine hapa italala usingizi."

Watu wote wakanitazama. Chumba ni changu. Nimelala humo tangu niliposhushwa kama bibi harusi. Kitanda cha besera ni changu, kabati ni langu, na dirisha lile laingiza upepo wa kreki, huo mkono wa bahari, ambao sijaupata mahali pengine.

Nikasema, "Mwangoja nini nyote? Kitanda cha pili chaingia ubavuni mwa kabati. Nendeni mkakilete."

Wifi alikuwa ameegemea fremu ya mlango na silinda yake. Ndipo aliposema jambo ambalo hata watoto wetu hawakulijua: "Chumba hiki kilikuwa changu mimi. Nilitolewa humu nikiwa msichana, wakaniambia wifi yako yuaja, nenda uani. Nililia siku mbili."

Nikamwambia, "Na mimi nililia kuingia. Tungebadilishana tangu wakati ule."

"Ungenipa?"

"Singekupa."

"Ndiyo maana sikukuomba," akasema, akaingia akaketi kwenye kitanda changu bila hodi.

Mwanawe alikaa nasi mpaka Jumatatu mchana. Magharibi ya Jumapili alikaa chumbani mwetu kwenye kiti, macho kwenye ile taa ya kijani, na uani tukawasha kila kitu cha kawaida. Taa haikubadilika. Aliondoka na begi lake peke yake. Pale mlangoni alimbusu mamake mkono, kisha wangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, nakuachia." Mimi si shangazi yake, ni mke wa mjomba wake, lakini nilijua alimaanisha nini, na sikumsahihisha.

Waya wa uani nao tumeufanyia jambo. Mtoto alisema ubishi ule si wa kuacha, kwa sababu nguvu ile inayoliwa haiendi mbinguni, yageuka joto ukutani. Pasi tukaihamishia ukumbini siku ile ile, na fundi mwenye kibali akaja kuvuta waya mpya. Alipoutoa ule wa harusi, fundo lake lilikuwa limeungua weusi. Niliomba nipewe kipande. Si cha kufanyia kitu.

Sasa twalala wawili na sanduku letu. Kuamka ni yeye wa kwanza. Akisikia honi ya manowari hujibu vile vile, "Marahaba," nami humwambia hajaamkiwa yeye. Husema mashine haimsumbui hata kidogo, kinachomsumbua ni koromo langu, na kwamba nikimsingizia mashine nimekosa haya. Mjukuu wangu akija Ijumaa hupima matundu yetu, na siku hizi hatuzimi kitu, ila bado twanyamaza. Hilo limetushinda.

Liko jambo moja tu ambalo mimi na wifi hatujakubaliana. Mimi nasema nilitamka kitanda cha pili kiletwe kabla hajafungua mdomo. Yeye asema la, alikuwa ameshaingia na kuketi, nami sikuwa na njia ila kukubali. Nimeandika kama ninavyokumbuka mimi, na mimi husahau mara chache. Lakini kumbukumbu ni ya mtu mzima aliyekuwa na hofu siku ile. Basi wewe uliyekuwepo pale mlangoni, au uliyesikia kwa aliyekuwepo, ukiona nimepotoka, hapo au penginepo, njoo unirekebishe. Pita mlango wa mbele, chumba cha kwanza, utatukuta sote wawili, na usiogope kubisha hodi mashine ikinguruma.